*TAARIFA YA TAWI: MASHINE ZIJE, LAKINI WAFANYAKAZI WAULIZWE KWANZA*

Ndugu wanachama,

Tangu Jumatatu kundi letu lina swali moja: kiwanda cha kuunganisha pikipiki hapa katani kinafikiria kuleta mashine zifanye kazi hiyo. Wapo wanaosema tupinge, wapo wanaosema maendeleo hayazuiliki. Msimamo wa Tawi: hatupingi mashine, tunapinga uamuzi wa kimyakimya.

*Kwanza,* si kila kazi ni ya mashine. Kuchomelea, kupaka rangi na kunyanyua injini kunaumiza mapafu na mgongo. Hizo mashine izichukue. Kufunga nyaya na kukagua bado kunataka mkono na jicho la mtu. Kampuni ya Tesla ya Marekani ilijaza roboti kiwandani kwake Fremont. Uzalishaji ukasuasua, ikang'oa mtandao wa mikanda ya kusafirisha vipuri, na mkuu wake, Elon Musk, akakiri hadharani mwaka 2018 kuwa walizidisha. Mwenye mtaji ule aliteleza. Uongozi wa kiwanda nao upige hesabu ya vipuri vya kuagiza nje, fundi wa kuzitengeneza, na siku umeme ukikatika.

*Pili,* sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe notisi, aeleze sababu na ashauriane nao kabla. Wasipoafikiana, shauri linakwenda CMA.

*Tatu,* tusidanganyane kuhusu kiinua mgongo. Kiwango cha chini cha sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, mwisho miaka 10. Aliyefanya miaka 6 anapata siku 42. Kibarua asiyetimiza miezi 12 hapati kitu. Kwa hiyo dai letu kubwa ni mafunzo: anayeshika spana leo ndiye afundishwe kuendesha mashine kesho.

*Tunaagiza:*
1. Mlioko kiwandani, muoneni kiongozi wa chama cha wafanyakazi wiki hii. Msisaini karatasi msiyoielewa.
2. Tawi litamwandikia Mheshimiwa Diwani aombe kikao na uongozi wa kiwanda.
3. Kikao cha Tawi ni Jumapili, saa 10 jioni, ofisini. Vibarua waje, hata wasio na kadi ya chama.

Tusisubiri mashine ishushwe bandarini ndipo tuanze kuuliza.

*Imetolewa na Katibu wa Uenezi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.*