Nax imechangamka, lakini imepona?

Kila wikendi naona video za wageni waliokuja Nakuru. Asubuhi Menengai, mchana mbugani kuona faru, usiku nyama choma na muziki hadi che. Wote wanasema kitu kimoja: huu mji una raha, na watu wake wako poa. Wasee, hawadanganyi. Nax imejaa maisha, na tangu tuitwe jiji Desemba 1, 2021, inazidi kujaa.

Lakini raha si ushahidi kwamba mji umepona.

Desemba 2007 mji huu ulikuwa umechangamka hivi hivi. Watu walinunuliana sukuma, walipanga ploti moja, watoto wao walicheza pamoja. Uchaguzi ukafanyika tarehe 27. Mwezi mmoja baadaye, nyumba zilikuwa zinawaka Kaptembwa na Rhonda, majirani wanakimbizana na panga. Naivasha, pale pale tunapoenda kushangilia magari ya Safari Rally, watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja. Kenya nzima walikufa zaidi ya watu 1,100.

Na usiniambie hao walikuwa watu wa zamani. Wengi waliotumwa walikuwa mayut wa rika letu, hawana kazi. Tume ya Waki ilisikia ushahidi kwamba mashambulizi ya Naivasha na Nakuru yalipangwa na kufadhiliwa. Wenye pesa walikuwa wanatafuta mikono tu. Kesi za The Hague nazo ziliisha 2016 bila yeyote kuhukumiwa kwa fujo hizo.

Sasa sisi tunafanya nini? Tunanyamaza. Ukiuliza mathe kwa nini walihama mtaa wa zamani, anabadilisha stori. Mimi nimetafuta nyumba hapa, na kuna landilodi aliuliza jina langu la mwisho kabla hata ya kutaja kodi. Hiyo haitokei kwa video ya mtu.

Najua kuna mtu atasema nachokonoa kidonda. Sawa, lakini kidonda ukikifunika bila kukiosha, kinaoza. 2027 si mbali. Kuna msee atakuja mtaani na elfu moja mkononi, akutajie kabila la jirani yako. Siku hiyo hautazuiwa na uzuri wa Nax. Utazuiwa na kujua ni nani alichomewa, mtaa gani, na nani alimficha chini ya kitanda chake.

Kwa hivyo wageni, karibuni sana. Kuleni smokie, pandeni Menengai, pigeni picha. Sisi wa hapa tuna kazi nyingine. Jumapili hii ukiwa umekaa na mathe au shosho, muulize: Januari 2008 mlikuwa wapi? Halafu weka simu chini, usikize.