Ukienda Pangani, kelele ziache Dar

Mwisho wa mwezi ndo huo unanukia na najua mmeshaanza kuulizana: wikiendi hii tunajivinjari wapi? Mwenye vijisenti anawaza Unguja. Wa kawaida kama mimi anasema Bagamoyo, maana ni kilometa 70 hivi tu, Ijumaa unatoka kazini na usiku umeshafika.

Sina ugomvi na Bagamoyo. Tatizo ni sisi tunaokwenda. Mtu anapakia kreti za bia, mkaa, kuku wa kisasa, maji ya chupa na spika kubwa kama kabati. Akifika ufukweni anafungulia muziki mpaka adhana haisikiki, Jumapili anarudi kutamba kwamba kapumzika. Kapumzika nini? Kahamisha baa yake ya Sinza tu! Mama wa vitumbua wa pale hakuona hata mia yake, kaachiwa chupa tupu aokote.

Basi leo nawapeleka mbele zaidi, Pangani. Panda basi la Tanga alfajiri pale kituo cha Magufuli, Mbezi. Muheza mtauziwa machungwa, nunueni. Tanga mjini unaweza kulala usiku mmoja, mji wa baiskeli, hakuna anayekimbizwa na kitu. Wenyewe wana msemo wao, waja leo waondoka leo, ila wapo washikaji wangu waliokwenda kwa semina ya siku tatu na sasa wana wajukuu kule. Tuyaache hayo.

Kutoka Tanga kwenda Pangani ni kama kilometa 50, unashuka kusini. Mji umekaa pale mto unapoingia baharini, ng'ambo ya mto ni Bweni. Mitaa yenyewe michache, unaimaliza kwa miguu. Nyumba za kale, kuta zinabanduka chokaa, wazee barazani na bao lao. Mgeni wa Dar akifika anasema, "Huku watu wamelala." Nilimsikia mmoja akisema hivyo mbele ya muuza kahawa, mzee wa rika la babu yangu. Mzee akammiminia kikombe, akamwambia taratibu, "Mwanangu, sisi tuliamka zamani."

Babu hakukosea. Karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari haswa. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ikishuka kutoka bara, majahazi yakivuka kwenda Unguja. Hapo hapo mwaka 1888 moto uliwaka dhidi ya kampuni ya Wajerumani, kiongozi akiwa Abushiri bin Salim, na hapo hapo wakamnyonga Desemba 1889. Mwaka 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli, wakaianzishia Tanga kwenye bandari ya kina kirefu. Biashara ikahamia huko. Kwa hiyo ule utulivu tunaoufuata na kuupiga picha, bwana wee, kwa wenzetu ni riziki iliyohama.

Ndo maana nasema ukienda, nenda na pochi na tumbo tupu. Chakula agiza mapema. Ukitaka samaki wa nazi usiku, mwambie mama asubuhi, naye apate kwenda mwenyewe kwa wavuvi. Usimkoromee kwamba anachelewa, nazi inakunwa kwa mkono. Madafu yapo, kahawa chungu ipo. Kina dada, nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Kina kaka vilevile, kifua wazi sokoni si ujanja.

Ukitaka bahari, kuna Maziwe, fungu la mchanga ambalo ni hifadhi. Zamani lilikuwa na miti, ikaisha. Kasa bado wanapanda kutaga, lakini mayai huhamishiwa pwani ya Ushongo, maana bamvua likijaa fungu zima linamezwa. Kwa hiyo safari haifuati saa yako ya mkononi, inafuata maji kupwa. Nahodha akisema alfajiri, ni alfajiri.

Mbona nawahimiza hivi? Miaka hii ya 2020 serikali imeingia kwenye ujenzi wa lami ya Tanga, Pangani, Saadani mpaka Bagamoyo, na daraja la kuvukia Mto Pangani. Njia hiyo ndiyo itakayotuleta watu wa Dar kwa mafungu. Wengine wanasikitika kwamba mji utaharibika. Mimi sisikitiki, mgonjwa wa Bweni anahitaji daraja kuliko mimi ninavyohitaji ukimya. Dada aliyenipangisha chumba (feni, chandarua, choo safi) anaongeza vyumba viwili, matofali ananunua kidogo kidogo. Nilimuuliza kama haogopi fujo zetu. Akacheka. "Waje tu, kaka. Ila wale kwangu, wasije na majiko yao."

Wiki ijayo Mungu akipenda, Kilwa.