Bastola Mbili, Jina Moja

Juzi, baada ya mhadhara hapa Njoro, mwanafunzi wangu mmoja alinijia na swali nisilolitarajia kwa mtu wa isimu. Anataka kujiunga na mchezo wa kulenga shabaha: je, aanze na bastola ipi, ile ya silinda inayozunguka au ile inayojipakia risasi yenyewe?

Kiswahili chetu kimezitia zote mbili katika neno moja, bastola, tulilolipata kwa Wareno. Wanamichezo huzitenganisha. IPSC, shirikisho la kimataifa lililoanzishwa mwaka 1976, limeitengea rivolva daraja lake pekee, na si bure. Rivolva kwa kawaida hubeba risasi 6. Zikiisha, mshindani hana budi kupakia upya huku saa ikienda, ilhali mwenziwe hubadilisha magazini tu na kuendelea. Lakini tusiidharau. Ndugu wawili wa Marekani, John na Sumner Paine, walishinda kwa rivolva katika Olimpiki ya Athens mwaka 1896, na mwaka 1999 Jerry Miculek alifyatua risasi 8 za rivolva kwa sekunde 1!

Linalonitia wasiwasi mimi ni neno "tupu". Fungua silinda ya rivolva, nawe utayaona matundu yote kwa mara moja. Ile nyingine, hata ukiichomoa magazini, risasi moja yaweza kusalia ndani ya chemba, isionekane, na mtu akaapa kwamba silaha yake i tupu. Mkufunzi anayewaambia wanagenzi "toeni magazini" kisha akanyamaza amewaacha mlangoni pa kaburi. Sharti waivute nyuma sehemu ya juu ya bastola, watazame chemba kwa macho, na kuipapasa kwa kidole.

Kwa hiyo nilimshauri kijana, akishapata cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, aanze na rivolva. Kifyatulio chake kizito kitamfunza subira ya kidole. Mbio za saa atazikuta baadaye.

Tumekubaliana pia kuandika kanuni za usalama kwa Kiswahili sanifu. Tumekwama kwenye hiyo sehemu inayovutwa nyuma. Mimi nimependekeza "kitelezi". Yeye anasema walengaji watacheka.