Mbwa wako akipigwa nusukaputi, nani anaangalia pumzi yake?



Siku hizi wengi mnaulizia kuhasi mbwa dume na kufunga kizazi mbwa jike. Ni jambo jema. Jike asiyefungwa huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na watoto wasio na mwenyewe ndio wanaozurura sokoni, wanakamata kuku na kueneza kichaa cha mbwa. Lakini operesheni hii inahitaji nusukaputi, na hapo nina neno la kuwaambia.

Msimamo wangu ni huu: usimkabidhi mbwa wako kwa mtu anayefanya operesheni peke yake. Lazima awepo mtu wa pili ambaye kazi yake ni moja tu, kuangalia pumzi. Na huyo wa pili ajue kwamba hewa nayo ina kipimo. Ikizidi, inaua kama inavyoua ikikosekana.

Pumzi ya kawaida na pumzi ya kusukumwa

Mbwa akiwa macho, kifua chake hutanuka na kuivuta hewa ndani. Mvuto huohuo husaidia pia kuivuta damu irudi kwenye moyo. Dawa ya usingizi ikizidi, au mwili ukiipokea vibaya, pumzi hupungua au husimama. Hapo daktari huingiza mpira kwenye koo la hewa na kusukuma hewa kwa mfuko wa mkono au kwa mashine.

Sasa angalia tofauti. Hewa haivutwi tena, inasukumwa. Kifua kikijaa kwa nguvu, mishipa mikubwa inayorudisha damu kwenye moyo hubanwa, kama mtu aliyekanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Moyo ukipokea damu kidogo, utatoa kidogo, na presha ya damu itashuka. Kwa mbwa aliyepoteza damu nyingi mezani, au aliyekuja akiwa amekauka maji mwilini, hali huwa mbaya zaidi.

Madhara ya pili yako kwenye mapafu yenyewe. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana vya hewa, vyembamba kuliko karatasi. Vikijazwa kupita kiasi hupasuka, hewa huvuja kifuani, na pafu husinyaa. Anayesukuma akiona mbwa anazidi kuwa bluu, huongeza nguvu, na hapo ndipo anammaliza.

Mambo haya yamejulikana zamani. Mwaka 1667 huko London, Robert Hooke alimweka mbwa hai kwa kumpulizia hewa kwa mivukuto, kifua kikiwa wazi, akaonyesha kwamba uhai unategemea hewa safi kufika kwenye mapafu. Miaka ya 1820 huko Ufaransa, Leroy alionyesha upande wa pili: mivukuto ikisukumwa kwa nguvu sana hupasua mapafu na kuua mnyama.

Nisieleweke vibaya. Msukumo si adui. Mbwa aliyelala muda mrefu kwa nusukaputi, sehemu za mapafu yake hujifunga, na msukumo wa kiasi huzifungua. Tunachotafuta ni kiasi.

Kiasi ni kipi?

Kwa mbwa mwenye mapafu mazima, msukumo unaotosha kwa kawaida ni kati ya sentimita 10 na 20 za maji. Maana yake ni nguvu ya kuinua maji ndani ya mpira mwembamba kufikia urefu wa shibiri moja, basi. Tairi la baiskeli lililojaa vizuri lina msukumo zaidi ya mara mia moja ya huo. Mtu mzima akipuliza kwa mdomo kwa nguvu zake zote anaweza kuvuka sentimita 100.

Kwa ujazo, pumzi moja ni kama mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mbwa wa kilo 15 anahitaji mililita 150 hadi 225, haifiki chupa ya soda. Mfuko wa kupumulia wa mtu mzima unabeba karibu lita moja na nusu. Ukiukamua wote kwa mbwa mdogo, umemtendea ubaya.

Asiye na kipimo aangalie kifua. Kinyanyuke kidogo kama cha mbwa aliyelala usingizi wake wa kawaida, kisha kiachwe kishuke chote kabla ya pumzi inayofuata. Pumzi kama 10 kwa dakika zinatosha. Mtu akiwa na hofu mkono hukimbia, na kifua hakipati nafasi ya kushuka. Ndiyo maana nasisitiza mtu wa pili aliyetulia.

Wewe mwenye mbwa, uliza haya

1. Nani ataangalia pumzi wakati wewe unapasua?
2. Mbwa atapimwa uzito kabla ya sindano? Dawa ya kukisia kwa macho ndiyo chanzo cha matatizo mengi.
3. Una mpira wa koo na mfuko wa kupumulia unaolingana na mbwa huyu?
4. Umesajiliwa na Baraza la Veterinari?

Na wewe timiza wajibu wako. Mbwa mkubwa asile usiku wa kuamkia operesheni, maana akitapika usingizini matapishi huingia mapafuni. Watoto wadogo wasifungishwe muda mrefu. Fuata maelekezo ya daktari. Baada ya operesheni mlaze kwa ubavu, shingo imenyooka, ulimi umevutwa nje, mahali pakavu na pa joto. Angalia fizi: zikiwa za waridi, vizuri, zikiwa nyeupe au za bluu, mwite daktari hapohapo.

Kwako mwenye duka la dawa za mifugo

Dawa za usingizi si za kumuuzia kila anayeuliza. Anayenunua leo kwa ajili ya mbwa, kesho atamchoma mbuzi kwa dozi ileile. Zailazini, kwa mfano, mbuzi anahitaji kidogo mno kuliko mbwa, na dozi ya mbwa inaweza kumlaza asiamke. Faida ya chupa moja haifanani na hasara ya jirani yako.

“Mbwa ni mbwa tu”

Najua kuna atakayesema hivyo, na kwamba daktari ni ghali, fundi wa kijijini anafanya kwa bei nafuu. Jibu langu: mbwa mmoja akifa mezani, kijiji kizima huingiwa na woga, na mwaka unaofuata hawaletwi hata kwa chanjo. Ili kuzuia kichaa cha mbwa tunahitaji kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kifo cha uzembe kinatugharimu imani hiyo, na atakayeumwa na mbwa mwenye kichaa huenda akawa mtoto wako.

Gharama ina dawa. Jikusanyeni kaya kumi au kumi na tano, mchague siku moja, mchangie nauli ya daktari. Mimi nina stashahada. Kuchanja na kushauri ni kazi yangu, lakini kufungua tumbo namwachia daktari. Siku hiyo nitakuja kuwa mtu wa pili, mkono kwenye mfuko na macho kwenye kifua.

Anzeni kuandikisha majina kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mkifika kumi, niiteni.