Boom likikata, usikate maharage

Wadau, wiki ya boom kila mtu bosi: chipsi kuku, soda baridi. Likikata tunahamia pasi ndefu, chai nzito saa nne asubuhi, kisha kimya mpaka ugali wa usiku. Na stori ni ile ile, eti njaa inaleta vidonda vya tumbo. Mimi biolojia nitaifundisha, hivyo nisikilizeni: Barry Marshall na Robin Warren walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria wa Helicobacter pylori, na ndiye chanzo kikubwa cha vidonda hivyo. Dawa za maumivu nazo zimo, zile tunazobugia kama karanga kila kichwa kikigonga.

Hasara ya kuishiwa iko kwingine bana. Hela ikipungua tunakata maharage na mchicha, vocha tunabakiza! Kina dada ndio wanaoumia zaidi, maana kila mwezi wanapoteza damu na wanahitaji madini ya chuma kuliko sisi. Chuma cha maharage kinaingia mwilini vizuri ukishushia chungwa au ukikamulia ndimu. Chai ukiinywa pamoja na chakula inakizuia, kwa hiyo isubiri kama saa moja hivi.

Sisi tuko wanne, tunachangishana. Maharage tunaloweka usiku ili yasimalize mkaa, tunapikia geto kwa mshkaji (hosteli jiko marufuku, mnajua wenyewe). Dagaa tunatafuna na mifupa yake, kalsiamu imo humo. Wanaotucheka eti tumerudi sekondari, ikifika tarehe 20 wanabisha hodi na sahani mkononi.