Gari la mbio la mtumba: muuzaji aseme, mnunuzi achunguze



Sifa zote njema anastahiki Allah Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya Swala ya Isha, kamati ya msikiti wetu hapa Ujiji ilikaa kusuluhisha ugomvi wa waumini wawili waliozoea kusimama safu moja. Mmoja ni kijana aliyenunua Subaru Impreza ya turbo. Nusu ya fedha ilikuwa faida ya biashara yake ya dagaa, na nusu alikopeshwa na mama yake mzazi. Wa pili ni ndugu aliyemuuzia. Gari lilitembea vizuri siku nne. Siku ya tano, likipanda kuelekea Kasulu, lilichemsha, na fundi akasema gasketi ya silinda hedi imeungua.

Muuzaji alijitetea kwa maneno machache: "Nilimwambia alichukue kama alivyoliona." Kijana akanigeukia: "Ustadh, ningeonaje kitu kilichomo ndani ya injini?"

Kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki na sehemu ya kosa. Kwa kuwa vijana wetu wengi wanayatamani magari haya, nimeona safu ya wiki hii iyaeleze yote mawili: wajibu wa muuzaji na wajibu wa mnunuzi.

Tusiwalaumu vijana kwa kuyapenda. Magari ya mbio yanayosukumwa na magurudumu yote manne yamejengewa sifa katika barabara za Afrika Mashariki hii hii. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda Safari Rally akiendesha Toyota Celica ya aina hiyo, na mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwa Subaru Impreza. Gari linaloshika njia wakati wa masika lina manufaa katika mkoa wetu. Lakini linalotufikia sisi limetumika miaka mingi Japani, kisha likapita mikono kadhaa Dar es Salaam, na mara nyingi waliokuwa nalo walilinunua kwa ajili ya kulikimbiza.

Tuanze na muuzaji. Imesimuliwa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakuta umajimaji chini. Mwenye mali akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka sehemu iliyolowa juu, watu wakaiona, kisha akamtoa mwenye kughushi katika mwenendo wake. Tutazame kwamba muuzaji yule hakuilowesha nafaka yeye mwenyewe. Kosa lake lilikuwa kuificha chini.

Kadhalika Mtume alikataza kuacha kumkamua mnyama siku kadhaa ili chuchu zijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyeuziwa hivyo alipewa hiari ya kubaki naye au kumrudisha. Anayerudisha nyuma mita ya kilomita, au anayeng'oa thamostati ili gari lisichemshe haraka siku ya majaribio, anafanya jambo lile lile. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kusema "chukua kama ulivyoliona" hakumwokoi muuzaji na aibu, yaani kasoro, aliyoijua akainyamazia.

Sasa mnunuzi. Sheria imempa haki ya kuambiwa, lakini haikumwambia afumbe macho. Mzee wa Kibirizi hanunui mtumbwi uliotumika kwa kutazama rangi. Huinama akaukagua mbao kwa mbao, kisha akauingiza majini. Gari nalo lina mahali pake pa kukaguliwa, na hili la magurudumu manne lina zaidi.

Kwanza, likute likiwa baridi. Nenda asubuhi baada ya Alfajiri, wala usipige simu ukiwa njiani. Fungua boneti na uiguse injini. Ukiikuta ina joto, kuna aliyeiwasha kabla hujafika, nawe uulize sababu. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utando wa rangi ya chai ya maziwa, inawezekana maji yanachanganyika na oili. Gari likiwa baridi bado, fungua rejeta utazame kama maji ni safi. Usithubutu kuifungua ikiwa ya moto. Kisha muuzaji awashe nawe usikilize. Mlio wa kugonga kutoka chini ya injini, unaoongezeka mafuta yanapokanyagwa, ni dalili ya beringi kuchoka. Hapo shukuru, aga, uondoke.

Pili, lijaribu likiwa moto, tena mlimani. Injini ya Subaru imelala: pistoni zake zinaelekeana kushoto na kulia, hivyo ina silinda hedi mbili na gasketi mbili. Gasketi iliyoanza kuachia inaweza isijulikane katika mzunguko wa dakika kumi mjini. Panda nalo kutoka ufukweni hadi Mwanga na Gungu, kisha endelea hadi Mwandiga na mbele yake, mshale wa joto ukiutazama. Ukirudi, liache linguruma dakika kumi. Tazama chupa ya akiba ya maji: mapovu yanayotoka mfululizo ni dalili kwamba hewa ya injini inapenya kwenye maji. Kisha kanyaga mafuta, mwenzako akiwa nyuma. Moshi wa bluu maana yake linakula oili, na chanzo chaweza kuwa turbo au injini yenyewe. Moshi mweupe usiokatika injini ikiwa moto, nao una maana ya maji.

Tatu, yatazame matairi yote manne. Hapa ndipo gari hili linapotofautiana na mengine. Katikati yake kuna difu inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Tairi moja likiwa jipya na mengine yamelika, au yakiwa ya vipimo tofauti, magurudumu hayazunguki sawa, na difu ile hufanya kazi bila kupumzika hadi ife. Desturi yetu ya kununua tairi moja moja la mtumba haifai hapa. Kuijaribu, nenda kwenye uwanja mtupu, kata usukani hadi mwisho, uzunguke polepole. Gari likisita na kurukaruka kama lililoshikwa breki, difu ya katikati ina ugonjwa. Ukisikia ta-ta-ta magurudumuni, viungo vya ekseli vimechoka.

Nne, uliza habari za taiming belti. Katika Subaru nyingi za zamani za turbo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ikikatika gari likiwa linatembea, valvu na pistoni hugongana. Magari ya Japani mara nyingi huwa na kibandiko ndani ya boneti au ubavuni mwa mlango, chenye tarehe na kilomita za matengenezo. Wajapani huhesabu pia kwa enzi za wafalme wao: Heisei 20 ni mwaka 2008, na Reiwa 1 ni 2019. Kibandiko kikisema kilomita 140,000 ilhali mita inasoma 90,000, umekwisha kujibiwa.

Tano, taa ya injini. Ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha, taa hiyo sharti iwake, kisha izimike injini inapoanza. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeitoa ili usione inachosema. Mlipe fundi mwenye mashine ya kupimia, awe fundi wako na si wa muuzaji.

Sita, bodi. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Inua zulia utazame kutu na matope. Ukionyeshwa karatasi ya mnada wa Japani, herufi R au RA mahali pa daraja maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa. Gari lililoongezewa nguvu, likabadilishiwa ekzosti na kompyuta, liepuke. Bora lililobaki kama lilivyotoka kiwandani.

Saba, nyaraka, na hapa haki za watu wengine huingia. Dai kadi halisi, si nakala, na uilinganishe namba ya chesisi na iliyogongwa kwenye gari. Herufi za namba ya usajili, iwe namba C, D au E, zinakueleza lini gari liliandikishwa Tanzania, si lini liliundwa. Hakikisha TRA kwamba mmiliki ndiye anayekuuzia. Akiwa dalali, aonyeshe idhini ya mwenyewe. Tazama kama linadaiwa faini za barabarani au ushuru wa maegesho. Uliza kama limewekwa rahani, kwani kilichowekwa rahani hakiuzwi bila ridhaa ya anayekishikilia. Na likiwa gari la marehemu, usinunue kwa mtoto mmoja kabla warithi wote hawajaridhia, wakiwemo wajane na mayatima. Mkataba uandikwe, mashahidi wawepo, na umiliki uhamishwe bila kuchelewa.

Katika mkataba huo, andikeni hiari ya siku tatu. Sheria inawaruhusu wauziana kuweka sharti kwamba ndani ya muda huo mnunuzi anaweza kurudisha mali na kuchukua fedha zake, hata bila kutaja kasoro. Kwa Imam Shafi kikomo chake ni siku tatu. Muuzaji anayeliamini gari lake hana la kuogopa. Anayekataa katakata, jiulize kwa nini.

Siku tatu zikipita, mnunuzi bado ana hiari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kwa kasoro ya zamani iliyofichika. Lakini haki hii ina adabu ambazo kijana wetu hakuzijua. Ukiigundua kasoro, sharti umwarifu muuzaji mara moja kwa kadiri ya desturi, na uache kuitumia mali ile. Wanazuoni walitoa mfano wa aliyenunua mnyama: akiendelea kumtumikisha baada ya kuiona aibu, huhesabiwa ameridhika nayo, isipokuwa ampande kwa dharura ya kumrudisha kwa mwenyewe. Na mali ikipata kasoro mpya mkononi mwa mnunuzi, hawezi tena kumlazimisha muuzaji aipokee.

Kijana wetu, baada ya fundi kumwambia ukweli, aliendelea kuliendesha wiki mbili akiongeza maji kila asubuhi. Alikuwa pia ameziuza rimu za asili na kufunga nyingine. Alipofika kwenye kamati, haki ya kurudisha ilikuwa imemponyoka. "Niliona haya kumwendea," alisema. "Ni mtu wangu wa safu."

Tukamgeukia muuzaji. Mzee mmoja wa kamati hakumuuliza habari za mkataba. Alisema: "Mwanangu, lilikuwa linachemsha, au halikuwa linachemsha?" Alikaa kimya kitambo, kisha akakiri kwamba lilikuwa likichemsha milimani, na kwamba fundi wake alikuwa ameitoa thamostati. Naye aliona haya: aliogopa bei ingeshuka.

Tukakumbushana habari ya Jarir bin Abdillah (r.a.), swahaba aliyemwahidi Mtume kumtakia mema kila Muislamu. Imesimuliwa kwamba mtumishi wake alimnunulia farasi kwa 300. Jarir alipomtazama farasi yule alimwendea mwenyewe akamwambia thamani yake ni zaidi, akaendelea kuongeza hadi 800. Yule alikuwa mnunuzi, na hakukubali kufaidika kwa kutojua kwa mwenziwe. Itakuwaje kwa muuzaji anayejua?

Suluhu ilikuwa hivi: gari libaki kwa kijana, na muuzaji agharimie gasketi zote mbili, thamostati mpya na ujira wa fundi. Spea zilitoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, na gari lilikaa juu ya mawe karibu mwezi mzima. Biashara ya dagaa ilisimama, na mama alisubiri fedha zake. Gharama hiyo hakuna suluhu iliyoweza kuirudisha, na ingetosha kuizuia asubuhi moja ya uchunguzi na neno moja la ukweli.

Ndugu zangu wazazi, mtoto akija kuomba fedha ya gari, msimpe kabla hamjamuuliza nani amelikagua. Nawe unayeuza, iweke juu sehemu iliyolowa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba wauziana wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa.

Allah atujaalie riziki ya halali na ndimi za kweli. Wabillahi tawfiq.