Daftari la Wiki: Wageni Wanaaga Msamvu

Mwezi wa tatu umeingia na nyaya za umeme za stendi ya Msamvu, Morogoro, zimejaa mbayuwayu. Chini yao stendi haina habari nao: wapiga debe wananadi Dodoma, Iringa na Dar, abiria wanaburuta mabegi, mama ntilie wanapuliza moto. Lakini hawa wa juu nao ni wasafiri. Walipofika Septemba na Oktoba mabawa yao yalikuwa yamechakaa. Miezi yote ya joto wamekuwa wakibadilisha manyoya ya mbawa, machache machache, maana ndege anayejipatia chakula akiwa angani hawezi kukaa hata siku moja bila kuruka. Sasa mgongo unang'aa buluu, mkia umerefuka na kuchongoka, na kabla ya Aprili kwisha wengi watakuwa wameshaondoka kwenda kuzaa Ulaya na Asia. Kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi.

Safari hii haikujulikana sawasawa hadi mwanzoni mwa karne iliyopita. Mei 1911 mwanasheria mmoja wa Staffordshire, Uingereza, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete mguuni. Desemba 1912 ndege huyo akakamatwa Natal, Afrika Kusini. Kabla ya hapo Waingereza walikisia tu mbayuwayu wao wanakwenda wapi wakati wa baridi.

*

Huko kaskazini, wakati Morogoro inasubiri masika, watu wamevaa makoti mazito na darubini shingoni. Uingereza huhesabu ndege wa bustanini kila mwisho wa Januari tangu 1979. Marekani ina hesabu yake ya Februari tangu 1998, na ile ya Krismasi iliyoanza mwaka 1900 kwa watu 27 tu. Wote hao wanamngojea mbayuwayu wa kwanza kwa hamu, na siku anapotua huandikwa na kutangazwa. Siku anayoondoka Msamvu nayo inastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule, kwa kuwa ndege aliyekonda au aliyechelewa kuanza safari huku ndiye atakayechelewa kufika kule.

*

Kwa anayeanza kutazama ndege, Morogoro haihitaji gharama kubwa. Watu watano au sita, darubini moja ya kupokezana, kitabu kimoja cha ndege, kalamu. Wakutane Msamvu saa kumi na mbili asubuhi, wapande daladala hadi Bwawa la Mindu, kando ya barabara ya Iringa, ambako maji ya Mto Ngerengere yamekusanywa kwa ajili ya mji. Ndege wa majini wanafaa kufundishia kwa sababu wanakaa wazi na hawana haraka. Wakiwa na nauli ya kuendelea kuelekea Mikumi, watazame nguzo na nyaya kandokando ya barabara: kambu wa Ulaya, buluu na kahawia, hukaa hapo akivizia panzi hadi naye aondoke kwenye Machi na Aprili.

Faida ya kwenda kwa kikundi huonekana upesi. Mmoja ana macho, mwingine ana masikio, wa tatu anakumbuka aliona nini mahali hapohapo mwaka jana. Na mara nyingi anayejua zaidi ni mkulima wa mlimani anayepita na jembe begani. Salamu njema na swali la adabu vinaweza kumfundisha mgeni zaidi kuliko kitabu.

*

Msituni, kwenye Milima ya Uluguru iliyo juu ya mji, mambo ni magumu zaidi. Mbwigu wa Uluguru, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1927, haishi popote pengine duniani. Hukaa juu kabisa kwenye vilele vya miti, na kwa kawaida husikika kabla ya kuonekana. Wako waliopanda mara kadhaa wakarudi na mlio tu. Chozi wa Loveridge, aliyeelezwa mwaka 1922, naye ni wa milima hii peke yake, ila ana huruma zaidi: hufuata maua. Anayetaka kuwatafuta apate kwanza kibali cha hifadhi ya mazingira asilia, iliyotangazwa mwaka 2008, ambayo husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

*

Morogoro ina baridi yake pia, na hili husahauliwa kwa kuwa macho yote yako kwa wageni wa Ulaya. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ukungu hukaa Uluguru na baadhi ya ndege wa msitu wa juu hushuka kwenda misitu ya tambarare. Charles Mlingwa na Neil Burgess walichapisha ushahidi wa safari hizo mwaka 2000. Ni safari ya kilomita chache, haina pete wala magazeti, lakini inabeba ujumbe mzito: ndege wa mlimani anahitaji pia msitu wa bondeni.

Na misitu hiyo ya bondeni imebaki vipande. Kimboza, karibu na Mto Ruvu chini ya Uluguru, ni msitu mdogo juu ya mawe ya chokaa, unaojulikana zaidi kwa mjusi wake wa buluu ambaye nje ya hapo na vipande vichache vya jirani hapatikani. Ukikatwa, hasara itafika hadi mlimani, kwa ndege ambao mtalii anayepanda Morningside, huko Uluguru, anadhani wako salama. Kikundi kitakachotembelea Kimboza Julai na kurudi Morningside Septemba, mwaka baada ya mwaka, kitapata jambo ambalo mtafiti wa wiki mbili hawezi kulipata.

*

Uvumilivu wa namna hiyo upo Afrika Mashariki. Nairobi, kila Jumatano asubuhi, watu hukutana kwenye Makumbusho ya Taifa kutazama ndege pamoja. Fleur Ng'weno alianza kuwaongoza mwaka 1971. Nusu karne ya Jumatano! Morogoro ina Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine chenye wanafunzi wa wanyamapori, ina mlima mlangoni, na tangu Juni 2024 treni ya SGR inaweza kumleta mtu wa Dar na kumrudisha siku hiyohiyo. Kinachohitajika ni siku moja ya wiki isiyobadilika.

Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Mei huku ni matope, na wageni wa kaskazini wengi wamekwisha kwenda. Oktoba ndiyo ya Morogoro: mbayuwayu wanarejea, na ndege wa msituni wanaimba. Kikundi kikianza kujipanga sasa, kitakuwa na miezi saba ya kujifunza kuwatofautisha wenyeji kabla wageni hawajatua.